Sura ya Nne: Wanaowasha Moto

Injini ya mvuke haiwashwi kwa ufunguo. Treni ikipangiwa kuondoka saa nne asubuhi, mtu wa kwanza anakuwa ameshafika karakanani alfajiri, ovaroli mwilini na tochi mkononi. Hashiki kiberiti kwanza, anatazama maji. Ndani ya kibanda cha dereva, kwenye uso wa nyuma wa bwela, yaani tangi la kuchemshia maji, umesimama mrija wa kioo unaoonyesha kimo cha maji yaliyomo. Moto ukikolezwa wakati maji yameshuka chini ya dari ya tanuru, chuma cha dari hiyo hulainika, mvuke hukipasua, na walio kibandani huwa hatarini kupoteza maisha. Kwa hiyo mtu huyu haamini anachokiona mara moja. Anafungua kikoki kilicho chini ya mrija, maji yanamwagika, anakifunga, kisha anangoja aone kama yatapanda tena hadi palepale. Yakipanda, mrija haujaziba.

Ndipo anapoinama na kumulika ndani ya tanuru. Anatafuta tone la maji kwenye ncha za mabomba na kwenye vizibo vya risasi vilivyofungwa darini. Vizibo hivyo ni kinga ya mwisho: maji yakipungua, risasi iliyo katikati yake huyeyuka, mvuke hutoka kwa kishindo juu ya moto, na wote walio kibandani hujua kwamba kuna hatari. Kama pote ni pakavu, anaparuza majivu ya jana, anafungua mlango wa mbele wa injini na kuzoa masizi kwa beleshi. Halafu anawasha: matambara yaliyolowa mafuta, vipande vya mbao juu yake, na makaa ya mawe kidogo kidogo.

Kwa muda mrefu hakuna kinachoonekana kutokea. Chuma kinapaswa kupata joto polepole, kwa sababu sehemu za bwela hutanuka kwa viwango tofauti, na mwenye haraka huambulia mabomba yanayovuja. Muda huo hautumiki kukaa. Anachukua kopo la mafuta lenye mdomo mrefu na kuizunguka injini, juu na chini, huku akijipenyeza katikati ya magurudumu. Kila sehemu inayosuguana ina kikombe chake cha mafuta, na ndani ya vikombe vingi mna utambi wa sufu unaonyonya mafuta na kuyadondosha taratibu safari nzima. Akisahau kikombe kimoja, chuma kitapata moto njiani, kitakwaruzana, na matengenezo yake yatachukua miezi.

Kwa kazi yote hiyo halipwi. Amesafiri kwa nauli yake, analipa ada ya uanachama kila mwaka, na kesho huenda akarudi kwenye kazi inayomlisha: kufundisha, kutengeneza umeme, kuhesabu fedha za watu, au kusoma chuo kikuu. Watu wa namna hiyo ndio wanaoziweka hai injini kongwe za Uingereza. Wamekuwa wakifanya hivyo tangu mwaka 1951, na walianzia katika mji mdogo wa pwani huko Wales uitwao Tywyn.

Mkutano wa Birmingham

Reli ya Talyllyn ilijengwa mwaka 1865 ili kuteremsha mawe bapa ya kuezekea nyumba kutoka machimbo ya Bryn Eglwys hadi Tywyn. Upana wake ni milimita 686 tu, mdogo kuliko reli ya mita moja iliyozoeleka Afrika Mashariki. Kwa zaidi ya miaka 80 iliendeshwa kwa injini mbili zilezile zilizotengenezwa Whitehaven, kaskazini mwa Uingereza: Talyllyn ya mwaka 1864 na Dolgoch ya mwaka 1866.

Mwaka 1911 machimbo na reli vilinunuliwa na Sir Haydn Jones, aliyekuwa mbunge wa eneo hilo. Biashara ya mawe ilikuwa inafifia, lakini mzee huyo aliahidi kwamba treni zitatembea maadamu yu hai. Machimbo yalifungwa mwishoni mwa mwaka 1946. Serikali ilipotaifisha reli za Uingereza mwaka 1948, hii ndogo iliachwa nje. Mzee akaendelea kuigharimia treni ya abiria wa kiangazi mpaka alipofariki Julai 1950. Kila aliyeijua reli hiyo aliona kwamba sasa kilichobaki ni kung'oa vyuma na kuviuza kwa kilo.

Tom Rolt hakukubali. Alikuwa na umri wa miaka 40, fundi mitambo kwa mafunzo na mwandishi kwa kazi, na tayari alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kutetea mifereji ya Uingereza ambayo nayo ilikuwa inaachwa ife. Tarehe 11 Oktoba 1950 yeye na wenzake waliitisha mkutano katika hoteli moja mjini Birmingham. Walikuja watu wapatao 70. Wazo walilowekewa mezani lilikuwa halijajaribiwa popote duniani: raia wa kawaida, wasiolipwa, waichukue reli ya umma na kuiendesha wenyewe. Waliokuwa na ujuzi wa reli walijua ugumu wake, kwa maana reli si bustani ya jumuiya. Inabeba roho za watu.

Msimamizi wa mirathi na mjane wa Sir Haydn walikubali. Jumatatu ya tarehe 14 Mei 1951, siku ya pili ya Pentekoste, Dolgoch ilivuta treni ya kwanza ya chama hicho kutoka Tywyn. Injini hiyo ilikuwa na umri wa miaka 85 na ndiyo pekee iliyoweza kutembea. Talyllyn, dada yake mkubwa, ilikuwa imeharibika kiasi cha kuwekwa kando.

Hali ya njia yenyewe ilitisha. Mataruma yalikuwa yameoza, na mahali pengi reli zilishikiliwa zaidi na majani na udongo kuliko na misumari. Rolt, aliyekuwa meneja wa misimu ya mwanzo, aligundua kwamba kufyeka nyasi kulihitaji tahadhari, maana nyasi zikiondoka, reli hutanuka. Wanachama walikuja mwishoni mwa wiki kutoka miji ya mbali wakiwa na mitaimbo na mabeleshi, wakabadilisha taruma baada ya taruma, huku treni zikiendelea kupita.

Bahati ilikuwa jirani. Reli ya Corris, iliyokuwa na upana uleule adimu, ilikuwa imefungwa mwaka 1948, na injini zake mbili zilikuwa zimefunikwa maturubai zikingoja hatima yao. Chama kilizinunua kwa pauni 25 kila moja. Ya kwanza ilipewa jina la Sir Haydn na ya pili Edward Thomas, kwa heshima ya meneja wa zamani. Sir Haydn iliposhushwa na kujaribiwa, ilitumbukia katikati ya reli. Magurudumu yake yalikuwa membamba kuliko ya Dolgoch, na njia ilikuwa imetanuka mno kuyashika. Edward Thomas ilihitaji matengenezo makubwa, na kampuni ya Hunslet ya Leeds, ambayo mkurugenzi wake alikuwa mwanachama, iliifanyia kazi hiyo bila malipo.

Miongoni mwa waliojitolea katika miaka hiyo ya mwanzo alikuwa kasisi mmoja wa Kianglikana, Wilbert Awdry. Alipewa kazi ya ugadi, yaani kusimamia usalama wa treni kutoka behewa la nyuma. Siku moja alipuliza filimbi na kuondosha treni huku mama muuza vinywaji akiwa bado amesimama kituoni. Awdry alikuwa mwandishi wa vitabu vya watoto, na vituko vya Talyllyn viliingia katika hadithi zake karibu kama vilivyotokea. Watoto wengi wa Nairobi na Dar es Salaam wanamfahamu bila kujua jina lake, kupitia Thomas, ile injini ndogo ya buluu ya kwenye televisheni. Chumba chake cha kuandikia, pamoja na vitu vyake, sasa kimepangwa upya katika makumbusho ya reli nyembamba yaliyopo stesheni ya Tywyn, hatua chache kutoka mahali treni zinapoondokea.

Vyuma vya Barry

Tywyn ilipoonyesha kwamba inawezekana, wengine walifuata. Mwaka 1955 treni zilirudi kwenye reli jirani ya Ffestiniog. Lakini mtihani mkubwa ulikuja Agosti 1968, shirika la reli la Uingereza lilipostaafisha injini zake za mwisho za mvuke kwenye njia kuu za upana wa kawaida. Maelfu ya injini yalikuwa yameshauzwa kwa wakata vyuma.

Mmoja wa wanunuzi hao alikuwa Dai Woodham wa mji wa Barry, kusini mwa Wales. Kwenye yadi yake ziliingia injini 297. Woodham aliona faida ya haraka zaidi kukata mabehewa ya mizigo, kwa hiyo injini zikawekwa pembeni zingoje zamu yake. Zilingoja miaka mingi, zikiliwa kutu na upepo wa chumvi. Watu wakaanza kuja na fedha za michango: chama hiki kikiinunua moja, kile kikiweka oda na kuomba muda. Woodham aliwapa muda. Hadi injini ya mwisho ilipoondoka mwaka 1990, 213 zilikuwa zimeokolewa.

Kununua kulikuwa sehemu nyepesi. Injini iliyotoka Barry haikuwa na mabomba ya shaba, geji wala vali, maana vyote vilivyofunguka vilikuwa vimeshachukuliwa. Bwela lilikuwa limetoboka, na wakati mwingine hata fito nzito za kuunganisha magurudumu zilikuwa zimekatwa. Vikundi vya watu 20 au 30, wengi wao wasiokuwa mafundi kwa taaluma, walijikuta wakikarabati mashine ya tani 100 chini ya mti, bila kreni. Baadhi ya kazi hizo zilichukua zaidi ya miaka 30.

Kisha wakafika mahali ambapo hata chuma chakavu hakikuwepo. Injini za aina ya A1, zilizoundwa 49 mwaka 1948 na 1949, zilikatwa zote. Mwaka 1990 kundi la wapenzi wa reli lilianzisha mfuko wa kujenga ya hamsini kutoka mwanzo. Walichangisha fedha kwa maelfu ya watu waliotoa kiasi kidogo kila mwezi, wakaunda injini mjini Darlington na kuagiza bwela kutoka karakana ya Meiningen, Ujerumani, ambako ujuzi wa kutengeneza mabwela makubwa ulikuwa haujapotea. Injini hiyo, Tornado, ilitembea kwa mara ya kwanza mwaka 2008, ikiwa imegharimu takriban pauni milioni 3. Mwaka 2017 ilifikia mwendo wa maili 100 kwa saa, karibu kilomita 161.

Ndani ya bwela

Anayezuru makumbusho huona rangi iliyong'aa na shaba iliyosuguliwa. Kazi yenyewe iko ndani, mahali asipopaona.

Adui wa kwanza ni maji. Kila lita inayochemka huacha madini yake nyuma, na madini hayo huganda juu ya chuma kama ukoko mweupe unaojijenga ndani ya birika la chai. Ukoko huo huzuia joto la moto lisiyafikie maji, chuma kinapata moto kupita kiasi na mwisho kinapasuka. Kwa hiyo kila baada ya siku kadhaa za kazi injini hupozwa, vizibo vya bwela vinafunguliwa, na maji ya nguvu yanapigwa ndani huku mtu akichokonoa kwa fimbo za chuma mpaka yanayotoka yawe safi. Ni kazi ya baridi na ya kulowa. Wanaojitolea wapya huanzia hapo.

Adui wa pili ni kusimama. Majivu yakikutana na unyevu hutengeneza tindikali inayokula sakafu ya sanduku la masizi. Maji yaliyobaki chini ya bwela hutoboa chuma taratibu. Mafuta hukauka, na sehemu zilizokuwa zikiteleza hushikamana. Ndiyo maana injini inayowashwa mara kwa mara huweza kuwa na afya nzuri kuliko iliyohifadhiwa kwa miaka bila kuguswa.

Katika reli nyingi za Uingereza, takriban kila miaka 10 injini hufumuliwa kabisa. Bwela linanyanyuliwa kutoka kwenye fremu. Mabomba yote, ambayo kwenye injini kubwa huzidi 100, yanatolewa na kutupwa, na mapya yanaingizwa, kisha ncha zake zinatanuliwa mpaka zikaze ukutani bila gundi. Pale bati lilipokonda, kipande kinakatwa na kingine kinawekwa. Fundi wa ribiti hufanya kazi na wenzake wawili au watatu: mmoja anaipasha ribiti moto hadi iwe ya rangi ya chungwa iliyokolea, mwingine anaipokea kwa koleo na kuisukuma tunduni, wa tatu anaishikilia kwa nyuma kwa chuma kizito, na nyundo inapiga kichwa cha pili kabla haijapoa. Wana sekunde chache tu. Ikipoa kabla ya kukaa, inakatwa na kazi inaanza upya.

Baada ya hapo bwela linajazwa maji baridi na kushinikizwa kupita presha ya kazi yake ya kila siku. Maji ndiyo hutumika kwa sababu bwela likishindwa litavuja tu, wala halitalipuka. Mkaguzi huru, asiye mwanachama na asiye na huruma kwa miaka waliyotumia, anapita na tochi akitafuta tone. Akiridhika, anarudi kulikagua tena likiwa na mvuke. Bila saini yake hakuna abiria.

Ngazi ya watu nayo ina taratibu zake. Anayejiunga huanza kwa kusafisha injini, tena si kwa ajili ya urembo: anayefuta kila fito kwa tambara ndiye wa kwanza kuona ufa. Baadaye anakuwa mchochea moto, anajifunza kutupa makaa kwa beleshi hadi kona ya mbali ya tanuru huku kibanda kikiyumba, na kuisoma njia mbele yake, maana mlima ukiwa kilomita 2 mbele, moto unatakiwa kuandaliwa sasa. Moshi mweusi mzito unamwambia kwamba hewa haitoshi. Mapigo ya mvuke kwenye bomba la moshi yakipoteza mpangilio, vali zimelegea. Kufikia kiti cha dereva huchukua miaka mingi na mitihani kadhaa, na wapo wanaoamua kubaki kwenye beleshi kwa sababu wanalipenda.

Iliyotoka makumbusho

Kuna wanaouliza, na swali lao ni la haki: kwa nini injini ya thamani iwekwe kwenye hatari ya kuchakaa? Kila ukarabati huondoa chuma cha asili na kuweka kipya. Rocket, injini ya Stephenson ya mwaka 1829, haitawashwa tena, na hilo ni sahihi. Chuma chake ni ushahidi, na kukibadilisha ni kufuta ushahidi. Wanaotaka kuona ilivyotembea walitengenezewa nakala yake mwaka 1979.

Mfano wa upande wa pili ni K1. Mwaka 1907 mhandisi Mwingereza, Herbert William Garratt, aliomba hataza ya injini ya namna mpya. Badala ya kulipakia bwela juu ya magurudumu, alilining'iniza katikati ya injini mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikiwa na mhimili wake wa kugeuka. Uzito ukasambaa, kona kali zikapitika, na kwa kuwa hapakuwa na magurudumu chini ya bwela, bwela liliweza kunenepa. Kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester ilitengeneza mbili za kwanza mwaka 1909 kwa ajili ya reli ya migodi huko Tasmania, Australia. K1 ni mojawapo ya uzao huo wa kwanza.

Reli ya Tasmania ilipofungwa, Beyer Peacock waliinunua K1 na kuirudisha Manchester mwaka 1947 kama kumbukumbu ya kampuni. Kampuni ilipofikia mwisho wake, reli ya Ffestiniog iliinunua mwaka 1966, lakini ilikuwa kubwa mno kwa mahandaki yao. Kuanzia 1976 hadi 1995 ilisimama katika Makumbusho ya Taifa ya Reli mjini York, watu wakipita mbele yake na kusoma kibao.

Halafu reli ya Welsh Highland, iliyokufa mwaka 1937 na kung'olewa wakati wa vita, ikaanza kujengwa upya na hao hao wanaojitolea pamoja na makandarasi, kilomita 40 kupitia milima ya Snowdonia. K1 ikatolewa York. Kundi la wanachama liliikarabati kwa muda wa zaidi ya miaka 10, likaiwekea bwela jipya, na mwaka 2006 ikaanza kuvuta abiria. Kwenye njia hiyohiyo hutembea injini namba 143 ya mwaka 1958, iliyokuja kutoka Afrika Kusini. Hiyo ndiyo Garratt ya mwisho kutengenezwa na Beyer Peacock. Ya kwanza na ya mwisho, nusu karne kati yao, zikavuta treni kwenye reli moja.

K1 iliyosimama York ilionyesha umbo lake. K1 iliyowashwa ilifundisha jambo ambalo kibao hakikuweza: silinda zake zimeelekezwa ndani, chini ya kibanda, na joto linalopanda miguuni mwa dereva linaeleza kwa nini Garratt zilizofuata zilizigeuza zielekee nje. Mhandisi anayejifunza leo anaweza kulisoma hilo kitabuni. Aliyeiendesha K1 anajua kwa nini ilikuwa lazima libadilishwe.

Makaa na umri

Kazi hii ina vitisho vyake. Mgodi wa Ffos-y-Fran, karibu na Merthyr Tydfil, uliokuwa ukitoa makaa ya Wales yaliyosifiwa kwa mvuke, ulifungwa Novemba 2023. Reli za Wales, nchi iliyowahi kuuza makaa dunia nzima, sasa zinanunua yanayoletwa kwa meli kutoka ng'ambo, kwa bei ya juu na ubora unaobadilika. Majaribio ya makaa yaliyochanganywa na mabaki ya mimea yanaendelea.

Umri ni tatizo gumu zaidi. Waliofanya kazi ya mvuke kabla ya 1968 kama vijana wa miaka 15 sasa wamepita 70. Wao ndio waliowafundisha wahasibu na walimu namna ya kusikiliza injini. Vyama vilivyo makini vimelitambua hili mapema. Vinawapokea vijana, vinawapa kazi zenye maana badala ya kuwaachia ufagio tu, na kuwaweka bega kwa bega na wazee. Injini inaweza kuundwa upya kwa michoro na fedha, kama Tornado ilivyothibitisha. Mkono unaojua ni lini mabomba yamekaza vya kutosha hauwezi kuagizwa kutoka Meiningen.

Mlima Gelai wa Nairobi

Wazo la Garratt lilipata heshima yake kubwa zaidi Afrika. Reli ya Kenya na Uganda ilianza kutumia injini za aina hiyo mwaka 1926. Mwaka 1955 zilianza kufika zile kubwa kuliko zote: daraja la 59, zilizotengenezwa na Beyer Peacock haohao, jumla 34. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252. Bwela lake lilikuwa na kipenyo cha zaidi ya mita 2, likipita juu ya reli zenye upana wa mita 1. Zilichoma mafuta mazito badala ya makaa, zikavuta treni za tani 1,200 kutoka usawa wa bahari Mombasa kupanda hadi Nairobi. Hakuna injini za mvuke za reli ya mita moja zilizowahi kuzizidi ukubwa. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, na madereva wake, wengi wakiwa Masingasinga na baadaye Waafrika kwa idadi iliyozidi kuongezeka, walizing'arisha kama mali ya nyumbani.

Mbili zimesalia, na zote zipo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Namba 5918 inaitwa Mount Gelai, mlima ulio karibu na Ziwa Natron. Namba 5930 inaitwa Mount Shengena, kilele cha juu cha Upare Kusini. Uwanja huohuo una behewa alimouawa afisa wa polisi Charles Ryall na simba huko Kima mwaka 1900, na safu za injini za daraja nyingine zilizokuwa zikizunguka Tabora, Kisumu, Voi na Tororo. Makumbusho yameunganishwa na njia ya reli ya stesheni ya Nairobi, na Mount Gelai imewahi kurudishiwa moto baada ya kustaafu na kutembea tena kwa nguvu zake yenyewe.

Yaani kila kitu kinachohitajika kipo: mashine, njia, na historia ambayo Wales haina ya kulinganisha nayo kwa ukubwa. Kinachopungua mwaka hadi mwaka ni watu. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya. Kijana aliyekuwa na miaka 22 akisafisha injini ya daraja la 59 katika karakana ya Nairobi wakati huo, sasa amepita 70. Wengi wamerudi vijijini kwao, Kenya, Tanzania na Uganda, na hakuna anayewauliza kitu.

Watu 70 wa Birmingham hawakuwa na fedha za serikali wala kibali cha wakubwa walipoanza. Walikuwa na ada za uanachama, mitaimbo, na wazee wachache wa Talyllyn waliokubali kuwaonyesha kazi. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zina mzee wa reli: baba, babu, mjomba aliyekuwa dereva, fundi bwela au mtu wa karakana. Msomaji mwenye mzee kama huyo ampeleke Nairobi angali na nguvu, amsimamishe mbele ya Mount Gelai, afungue kinasa sauti cha simu, na amwombe aeleze hatua kwa hatua alivyoiwasha, akianzia kwenye mrija wa maji. Kisha rekodi hiyo aipeleke ofisi ya makumbusho na aandikishe jina lake kama mtu aliye tayari kusaidia.